Barua kwa mwanangu: wengi wakitaka muuaji anyongwe

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia. Unauliza: ikiwa Watanzania walio wengi wanataka muuaji anyongwe, nchi ya kidemokrasia ina haki gani ya kuwakatalia?

Swali hilo lilijibiwa na mahakama mbili za Afrika mwaka mmoja, nazo zikapishana. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba yetu. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi wake. Ilikiri kwamba kunyonga ni ukatili unaomdhalilisha binadamu, lakini ikasema jamii ndiyo inayoamua kama adhabu hiyo inahitajika. Juni mwaka huohuo majaji wote 11 wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wakaifuta. Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, alikubali kwamba huenda wananchi wengi wa kwao bado waliitaka. Lakini akasema, kama maoni ya wengi ndiyo yanayoamua, hakuna haja ya mahakama kutafsiri Katiba.

Mimi nasimama na Chaskalson. Serikali mliyoichagua vibaya mtaiondoa baada ya miaka mitano. Aliyenyongwa kimakosa hakuna kura itakayomrudisha. Halafu angalia watu wanamjibia nani. Ukiwauliza barabarani, wanamfikiria muuaji ambaye hatia yake haina shaka hata chembe. Kizimbani anasimama mtu mwingine, mara nyingi maskini, ana wakili aliyepewa na Serikali, na shahidi anasema alimtambua usiku kwa mwanga wa taa. Soma hukumu za rufani za kesi za mauaji, utakutana na taa hiyo tena na tena: ilikuwa na mwanga kiasi gani, shahidi alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani. Maisha ya mtu yananing'inia hapo.

Usidhani nawadharau wenye uchungu. Wenzetu wenye ualbino walipokuwa wakikatwa viungo Kanda ya Ziwa, nami nililia, na mwaka 2009 mahakama ilipowahukumu watu watatu kunyongwa kule Kahama, niliwaelewa walioshangilia. Uchungu wao ulikuwa wa haki kabisa. Lakini uchungu huohuo ndio unaowakusanya wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali", na unajua wanachomfanyia kijana aliyeitiwa mwizi. Mahakama tuliziweka ili pawepo mtu wa kuuliza ushahidi uko wapi.

Kinachoniumiza zaidi ni kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, jaji hana hiari: ni kunyongwa, hata kama aliyesimama mbele yake ni mwanamke aliyepigwa miaka mingi na mumewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapohapo Arusha, ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 hatujamnyonga mtu. Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba asingependa kutia saini hati ya kumnyonga mtu. Kwa hiyo mahakama zinahukumu, marais hawasaini, na mfungwa anazeeka gerezani hajui kesho itakuwaje. Huko si kuwasikiliza wananchi, ni kuwakwepa.

Ufaransa walifanya vingine. Machi 1981, akiwa bado anaomba kura, François Mitterrand alisema kwenye televisheni kwamba anaipinga adhabu ya kifo, akijua wengi wanaitaka. Mei wakamchagua. Septemba waziri wake wa sheria, Robert Badinter, akaupeleka muswada bungeni ukapita. Hakuna aliyedanganywa, wala aliyenyang'anywa kura yake.

Kwetu hapa hata Katiba haihitaji kuguswa. Kifungu cha 197 ni sheria ya kawaida, Bunge linaweza kukirekebisha, kwa kuanzia jaji apewe hiari ya kupima kila kesi. Wagombea wakija kuomba kura kwetu, nitawauliza hilo mbele ya watu. Nawe waulize wa kwako.

Mama yako