Mshahara? Wewe ndiye unayelipa

Dada uliyeuliza kama ni kweli wakala anavyokuahidi, kwamba ukienda Marekani kucheza kwenye klabu za kuvua nguo utalipwa mshahara: hapana, klabu nyingi za huko hazimwajiri anayeanza kwa mshahara. Unailipa klabu ada ya kuingia kazini kila zamu, ukimaliza unawagawia DJ na walinzi, kinachobaki kwenye hela ulizotunzwa ndicho chako. Usiku ukiwa mbovu unarudi nyumbani na deni. California imebadilika kidogo: baada ya uamuzi wa mahakama mwaka 2018 katika kesi ya Dynamex, iliyohusu nani ahesabiwe mwajiriwa, imekuwa vigumu klabu kudai kwamba wachezaji si waajiriwa. Binamu yangu kafanya kazi hiyo miaka mitatu, na anasema mwezi wa kwanza hela yote iliishia kwenye viatu tu!

Kwa hapa Arusha usichanganye na unenguaji, yaani kucheza jukwaani na bendi. Mimi nimenengua, Sakina hadi Njiro, na hapo unapatana malipo kwa shoo, kutuzwa ni nyongeza. Kucheza uchi mbele ya watu ni kosa, soma Kanuni ya Adhabu kifungu cha 175, maonyesho machafu hadharani.

Ila huyo "wakala" wa Moshi anayekulipia tiketi na kutaka akushikie pasipoti, mimi ningemkimbia. Deni la tiketi ndilo wanalokufungia nalo, na kuna sheria ya 2008 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Mripoti polisi, dawati la jinsia, kabla hujasaini chochote.