Vibeta wa upinde: mambo ya kupanga kabla magoblini hawajafika

Ukiingia Dwarf Fortress, gemu ya kompyuta ya kujenga ngome ya vibeta na kuilinda dhidi ya wavamizi kama magoblini, kazi ya ndugu wawili Tarn na Zach Adams iliyotoka mwaka 2006 na kufika Steam, duka la gemu la mtandaoni, Desemba 2022, utasikia wapiganaji wa shoka waliovaa feleji wakisifiwa kuliko wote. Wanastahili sifa. Ila feleji inataka madini, makaa, mhunzi hodari na muda, na ngome changa haina hivyo vyote. Mbao na mifupa unavyo tangu mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu nawashauri wapya waanze na kikosi cha upinde, mradi wakiandae sawasawa.

Upinde wa vibeta ni ule wa kulazwa wenye kifyatulio; hawaundi wa aina nyingine. Kila askari anahitaji upinde, mishale na podo. Podo ndilo linalosahaulika zaidi. Hushonwa kwa ngozi kwenye karakana ya ngozi, na asiyekuwa nalo hana pa kubebea mishale, kwa hiyo atamkimbilia adui na kumpiga kwa upinde kama rungu. Chinja mifugo michache mapema upate ngozi na mifupa kwa pamoja.

Gogo moja hutoa mishale 25, kipande kimoja cha chuma 25, mfupa mmoja 5. Fungua mpangilio wa mishale ya kikosi ugawe: ya mbao na mifupa iwe ya mazoezi, ya chuma au shaba iwe ya vita. Usipogawa, mhunzi atahangaika mchana kutwa na kazi yake yote itaishia kwenye shabaha. Wawindaji nao wana fungu lao, litazame.

Mazoezi hayana mkato. Jenga shabaha, weka eneo la kulengea, likabidhi kwa kikosi, na uhakikishe nyuma ya shabaha kuna ukuta, si njia ya wapita na mizigo.

Sasa mahali pa kusimama, na hapa ndipo unaposhinda vita au kuvipoteza. Lainisha ukuta wa mwamba kisha uchonge matundu ya kupigia, au ujenge ukuta wa matundu kwa mawe. Mshale hupita, mtu hapiti. Anayesimama akigusa tundu hupiga bila kizuizi. Aliye mbali hutegemea ustadi wake. Faida hiyo ni yako mpaka mpiga mishale wa magoblini atakapofika kulisogelea tundu lilelile kwa upande wa nje, kwa sababu hapo naye anapiga ndani. Basi chimba handaki mbele ya ukuta ili asiweze kukaribia, na elekeza njia ya kuingilia ngomeni ipite mbele ya matundu hayo kwa urefu wote.

Halafu wafungie. Nasema hivi kwa msisitizo: amri ya kusimama mahali fulani haitoshi kumzuia kibeta. Mishale ikimwishia, au adui akijificha asionekane, atashuka ngazi na kwenda kupigana ana kwa ana, tena bila deraya nzito. Kikosi kikishaingia chumbani, funga mlango. Kwa kuwa umewafungia, weka humohumo akiba ya mishale, chakula na mapipa ya pombe, maana kuzingirwa kunaweza kuchukua muda na kibeta mwenye kiu hapigani vizuri.

Kuna maadui ambao upinde hauwawezi. Wafu waliofufuliwa hawatoki damu wala hawasikii maumivu, hivyo mishale inaweza kuwajaa mwilini na bado wanatembea. Hao waachie shoka. Joka ni hatari zaidi, kwa sababu moto wake hupita kwenye matundu kama mishale inavyopita. Likionekana, waondoe watu wako ukutani na uinue daraja, kwani daraja lililoinuliwa huziba kama ukuta.

Vita vikiisha, mingine ya mishale itakuwa imevunjika na mingine imelala nje. Tazama amri za kudumu: ikiwa mishale iliyokwisha kupigwa imezuiwa, hakuna atakayeiokota. Iruhusu pale tu unapohakikisha uwanja hauna goblini aliyebaki, la sivyo wabebaji wako watatoka mmojammoja, mikono mitupu, kuifuata.