Mtandikie Mkeka: Nilivyojifunza Kinanda kwa Kodi Nne

Mama yangu haanzi wimbo kwenye sauti ya C, ile wanayoanzia wanaojifunza kinanda. Huanza pale sauti yake ilipoamkia siku hiyo, huku anachambua mchele au anakunja nguo, na anayetakiwa kufuata ni mimi. Nilianza kujifunza kinanda nikiwa na miaka 33, kwa sababu hiyo tu. Nilitaka mama akiimba jioni kule nyumbani Tanga, pawe na kitu cha kuibeba sauti yake.

Miezi mitatu ya kwanza niliipoteza. Nilikuwa natazama video kwenye simu, zile zenye taa zinazodondokea kwenye vitufe, nakariri kidole kimoja baada ya kingine. Mwisho wa miezi hiyo nilikuwa na wimbo mmoja wa mkono wa kulia, na nikikosea katikati ilibidi nianze upya. Siku mama alipouimba wimbo huohuo, nikapiga naye, tukajikuta wote wawili tunasema jambo lilelile. Kinanda hakikumsaidia chochote, kilimwiga tu.

Aliyenifungua macho ni mpiga kinanda wa kwaya fulani, tuliyekutana msibani. Nilimweleza tatizo langu akaniambia, "Dada, wimbo mwachie mwimbaji. Wewe mtandikie mkeka." Leo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia maneno hayohayo.

Mkeka wenyewe ni kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazobonyezwa kwa pamoja. Angalia vitufe vyeusi: vimepangwa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena, hivyo hadi mwisho. Kitufe cheupe kilicho kushoto tu mwa vile vyeusi viwili ni C. Vyeupe kutoka hapo kwenda kulia ni C, D, E, F, G, A, B, kisha C tena. Kutoka C, bila kuihesabu yenyewe, hesabu vitufe vinne kwenda kulia, vyeusi vikiwemo, utafika E. Hesabu vingine vitatu, utafika G. Bonyeza C, E na G pamoja, hiyo ndiyo kodi ya C meja. Hesabu hiyo ya nne kisha tatu inakupa kodi meja popote utakapoanzia. Ukiigeuza, ukahesabu tatu kwanza kisha nne, unapata maina, ile yenye sauti ya huzuni. Kwa hiyo A, C na E ni A maina.

Anza na nne tu: C, F, G na A maina. Usiongeze ya tano kwa mwezi mzima, hata ukiona mtu mtandaoni anakuahidi kodi mia. Nyimbo nyingi sana unazozisikia redioni na kanisani zinatembea humo. Sebene nyingi za rumba ya Kongo huzunguka kwenye C, F na G tu, ikiwa mpigaji yuko kwenye C. Ile "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, iliyorekodiwa jukwaani London mwaka 1975, inaanza na C, G, A maina, F, na imepigwa kwenye C hiyohiyo. Ni wimbo mzuri wa kujifunzia kwa sababu kila mtu anaujua na haukimbii.

Hapa sasa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo nataka tukae kidogo. Kuzijua kodi nne ni kazi ya jioni moja. Kazi ya miezi ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila wimbo kusimama. Mwanzoni nilikuwa nainua mkono mzima kutoka C, nautupa F, nautupa tena G, na kila nilipoutupa nilichelewa. Yule kaka wa kinanda cha kwaya aliponiona alinishika kifundo cha mkono akasema, "Usiruke. Tafuta kidole cha kubaki."

Jaribu sasa hivi, hata mezani. Mkono wa kulia, kidole gumba kwenye C, cha kati kwenye E, kidogo kwenye G. Unataka kwenda F, ambayo ni F, A na C. Ile C si tayari unayo? Basi kidole gumba kibaki palepale, cha kati kisogee F, kidogo kisogee A. Umepata C, F, A. Ni kodi ya F ileile, mpangilio tu ndio umebadilika. Rudi C. Sasa nenda G, ambayo ni G, B na D. Safari hii kidole kidogo ndicho kinachobaki kwenye G. Kidole gumba kinashuka hatua moja hadi B, na cha shahada kinakaa D. Rudi C tena. Kwenda A maina ndiko rahisi kuliko kote: C na E zinabaki, kidole kidogo peke yake kinatoka G kwenda A. Mkono wako sasa haujatoka eneo la upana wa kiganja, na umeshapiga kodi zote nne. Masikio nayo yatakushukuru, maana sauti zinatiririka badala ya kurukaruka.

Mkono wa kushoto mpe kazi moja tu, besi. Kodi ikiwa C, bonyeza C moja kule chini; ikiwa F, bonyeza F. Basi. Mapambo yatakuja yenyewe baadaye.

Kuhusu mwendo, mimi nilitumia saa ya ukutani. Saa inayogonga kila sekunde inakupa mapigo 60 kwa dakika, sawasawa kabisa. Nilikuwa nakaa chini yake, nabonyeza C kwenye pigo la kwanza, nasubiri mapigo manne, nahamia F, manne tena, naenda G. Umeme ukikatika nilifanya zoezi hilohilo kwenye meza ya kulia chakula, vidole vikihama bila sauti, na ninaamini jioni hizo zilinijenga kuliko nyingine. Ukikosea kodi, iache ipite, uwahi inayofuata kwa wakati wake. Nasisitiza hili kwa sababu mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa nikikosea nasimama, natafuta kodi sahihi, ndipo naendelea, na mama akawa anabaki hewani na neno mdomoni. Siku moja aliacha kuimba kabisa akaniambia, "Mwanangu, wanikata pumzi." Hakulalamikia kodi mbaya hata mara moja. Alichotaka ni nisisimame.

Sasa turudi kwenye lile la mama kutoanza kwenye C. Kama umewahi kuimba kwaya kwa solfa, umeshavuka nusu ya safari bila kujua. Acha herufi, hesabu ngazi: do ni 1, re 2, mi 3, fa 4, so 5, la 6. Kodi zako nne ni ya 1, ya 4, ya 5 na ya 6, na ya 6 ndiyo maina. Kwenye C ni C, F, G, A maina. Do ikihamia G, zinakuwa G, C, D na E maina. Ikihamia F, ni F, B flati (kile kitufe cheusi kilicho kushoto tu mwa B), C na D maina. Wimbo ukiujua kwa namba, umeujua kwa mtu yeyote atakayeuimba, awe mwenye sauti nene au nyembamba.

Do ya mwimbaji utaipataje? Usihangaike na sauti ya kwanza aliyoanzia, maana nyimbo nyingi huanzia kwenye so au mi. Sikiliza anapotua, mwisho wa ubeti, pale ambapo hata asipoendelea unahisi amefika nyumbani. Mara nyingi hiyo ndiyo do. Iimbe chinichini, uitafute kwenye vitufe na kidole kimoja cha kushoto mpaka ilingane. Mwanzoni itakuchukua wimbo mzima. Usione aibu, acha ubeti wa kwanza aimbe peke yake.

Vinanda vingi vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, ukabaki unapiga C huku kinalia E. Sina ugomvi nacho siku ya dharura. Ila ukikizoea tangu mwanzo, siku utakapokalishwa kwenye piano ya kawaida isiyo na kitufe hicho utakuwa umefungwa mikono.

Kuhusu kununua nitasema machache. Vitufe 61 vinatosha kabisa. Hakikisha ni vya ukubwa wa kawaida, na kwamba ukigonga kwa nguvu sauti inakuwa kubwa, ukigonga taratibu inakuwa ndogo. Cha kwanza nilichouziwa kilikuwa na vitufe vyembamba vya watoto, sauti moja tu hata ukigusa vipi, na muuzaji alijua. Fika mwenyewe, bonyeza mwenyewe. Jina lenyewe piano ni ufupisho wa maneno ya Kiitaliano yanayomaanisha sauti ndogo na sauti kubwa. Ukikosa kinanda chenye uwezo huo utashindwa kumsindikiza mtu anayeimba chinichini.

Nota za kusoma sizipingi, nimeanza kuzisoma mwaka jana na ninafurahia. Lakini kama unachotaka ni kumsindikiza mtu jioni sebuleni, kodi zitakufikisha mapema zaidi. Dakika 20 kila siku zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu vidole husahau.

Jumapili moja mama alianza wimbo akiwa na ungo mapajani. Nilisubiri atue, nikaisaka do yake: E flati, mahali ambapo sikuwa nimewahi kupiga. Nikahesabu. E flati, A flati, B flati, C maina. Ubeti wa pili nilipiga besi peke yake, mkono wa kushoto, taratibu. Kwenye kiitikio nikaongeza kodi. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mchele. Ila alipofika mwisho wa ubeti wa tatu, mimi bado naitafuta njia ya kurudi kwenye 1, aliivuta ile sauti ya mwisho ndefu kuliko kawaida yake, akaishikilia hapo mpaka nilipofika.