Mipaka ya makabila katika Yoshua: usiiruke

Mkuu, umeuliza Yoshua 13 hadi 21, sura za Biblia zinazogawa nchi kwa makabila ya Israeli, zina faida gani, maana ni majina ya vijiji na mabonde tu, na kama mipaka ile ililitenga kila kabila na jirani yake. Mimi ni mpima ardhi, na sura hizo nazipenda kuliko vita vyote vya mwanzoni.

Shika penseli usome sura ya 15. Mpaka wa Yuda unapanda, unazunguka, unateremka, unatokea baharini. Aliyeandika anaeleza kama mtu aliyeutembea. Aya ya 8 isome taratibu: mstari unapanda bonde la mwana wa Hinomu na kupita ubavu wa kusini wa Wayebusi, yaani Yerusalemu. Basi mji umebaki kwa Benyamini, na 18:28 inautaja kati ya miji yao. Ila 15:63 inasema Yuda ndio walioshindwa kuwafukuza Wayebusi. Waamuzi 1:21 inasema ni Benyamini. Mambo ya mpakani hayo!

Kujitenga? Hapana. Simeoni walipewa miji ndani ya Yuda, kwa kuwa fungu la Yuda lilikuwa kubwa mno. Walawi, kabila la huduma ya ibada, walipata miji 48 iliyotapakaa kwa makabila yote. Ramani za rangi nyuma ya Biblia zinatupotosha kidogo hapo.

Uzito wa mpaka uko kwenye urithi wa familia. Mabinti watano wa Selofehadi walidai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, wakapewa (Hesabu 27). Sura ya 36 wazee wa ukoo wakaja juu: wakiolewa kabila jingine, ardhi itahama nao. Ikaamuliwa waolewe ndani ya kabila lao. Walawi 25:23 inakataza kuuza ardhi kwa kudumu kwa sababu ni ya Mungu. Ndiyo maana Nabothi alimgomea mfalme Ahabu aliyelitaka shamba lake la mizabibu (1 Wafalme 21), ingawa aliahidiwa shamba bora zaidi au fedha. Wanaomwita mkaidi hawajaisoma sheria hiyo.

Mithali 23:10 inataja alama za mpaka pamoja na mashamba ya yatima. Hapo sihitaji mhubiri: bikoni, yaani alama za mpaka, nilizokuta zimesogezwa, mara nyingi aliyepunjwa ni mjane au watoto wasio na wa kuwasemea.

Ukitoka Yoshua, soma Ezekieli 47:22-23. Ardhi inagawanywa upya, na mgeni anayeishi kati yao anapewa urithi katika kabila analokaa.