Wakija na Idadi, Waulize Habari za Jikoni

Kijana mmoja niliyemfundisha gwaride zamani sasa ni msaidizi wa mbunge. Juzi alinipigia. "Afande, mheshimiwa ameingia kamati ya ulinzi, na habari za wanajeshi wetu wa Kenya kuondoka Somalia haziishi. Tukiambiwa jeshi la wenyeji limeiva, tuulize nini?"

Nikamwambia, mwanangu, anzeni jikoni.

Mwaka mmoja chuoni kwetu orodha ilikuwa na makuruta 400. Asubuhi majina yakisomwa, wapo walioitikia mara mbili, sauti wakiibadilisha kidogo. Mpishi alisonga ugali wa watu 400, na nguruwe wa shamba la chuo wakazidi kunenepa. Kila mtu aliyepita karibu na zizi alijua. Ripoti ikaenda juu: 400, wamefuzu. Sahihi ni yangu.

Kwa hiyo "wamefunzwa wangapi?" ni swali bovu. Septemba 2005, kamati ya Seneti ya Marekani ilimbana Jenerali George Casey, kamanda wa majeshi yao huko Iraq, akakiri kwamba batalioni za Wairaki zinazoweza kupigana bila msaada zimeshuka kutoka tatu hadi moja. Moja! Marekani iliondoka mwaka 2011, mji wa Mosul ukaanguka mikononi mwa ISIS Juni 2014, na kabla mwaka haujaisha waziri mkuu Haider al-Abadi akaliambia bunge lake kwamba wamegundua askari hewa 50,000 wanaolipwa mshahara.

Basi ulizeni mshahara unapita mikononi mwa nani: unaingia kwa askari mwenyewe, au kamanda ndiye anayegawa? Mkipata jibu hilo mmeshafika zizini.

Kisha ulizeni nani atatengeneza magari na ndege mkufunzi akishapanda yake. Afghanistan mafundi wa kandarasi waliondoka mwaka 2021 pamoja na wanajeshi wa Marekani, na jeshi lililozoea kuokolewa kutoka angani likabaki na ndege zisizo na mafundi wa kutosha. Kabul ilianguka Agosti 15.

Mtaambiwa ni siri. Hata SIGAR, mkaguzi wa fedha za Marekani huko Afghanistan aliyeundwa na Bunge la Marekani mwaka 2008, alifungiwa mwaka 2017 asichapishe idadi ya askari wa Afghanistan. Mimi nikisikia siri inayohusu idadi, nawakumbuka wale nguruwe. Takeni kikao cha faragha, mlango ufungwe, lakini karatasi iletwe mezani.

Na msingoje tarehe ya kutoka itangazwe. Kifungu cha 240 cha Katiba yetu kinataka Bunge liidhinishe wanajeshi kupelekwa nje. Siku ya ruhusa ya kwenda ndiyo siku ya kuuliza watarudi lini na watamwachia nani. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. AMISOM, ujumbe wa kijeshi wa Umoja wa Afrika huko, ikawa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM mwaka 2025, na bado tunauliza kama wenyeji wako tayari.

Kijana akanyamaza kidogo. "Afande, na ile ripoti ya 400, ilisahihishwa?"

Nikamwambia mjukuu analia, tutaongea kesho.