Mama anaogopa upasuaji wa mtoto wa jicho

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, ameambiwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, naye anaogopa kwamba jicho litatolewa kisha lirudishwe. Tutarajie nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwanza mwondolee mama hofu hiyo, kwa kuwa jicho halitolewi mahali pake hata kidogo. Daktari hulitia ganzi, hupasua tundu dogo, huondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, kazi ambayo kwa kawaida haizidi nusu saa, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, akisikia sauti na kuona mwanga; akitaka kukohoa, aseme kabla. Amweleze daktari mapema kama ana kisukari au shinikizo la damu, na ataje dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Bandeji ikitolewa, asivunjike moyo akiona ukungu siku za mwanzo. Matone ya dawa hutumika kwa wiki kadhaa. Anayemtilia anawe mikono kwa sabuni, na ncha ya chupa isiguse jicho, wala mama asilifikiche.

Hatari ninayotaka muizingatie zaidi ni maambukizi ndani ya jicho, ambayo ni nadra lakini yanaweza kupofusha. Maumivu yakizidi, wekundu ukiongezeka au uoni ukififia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, bila kungoja tarehe ya kliniki.