Barua kwa mwanangu: unathamini udongo

Mwanangu Rukia,

Umeniuliza kama uache benki uende kaunti, uwe mthamini mwandamizi upande wa kodi ya ardhi. Ujumbe wako nimeusikiliza, baba yako kando anatikisa kichwa, nawe unajua kichwa kile hukubali na kukataa kwa mtikiso uleule. Ya mshahara na pensheni mwulize kaka yako, ndiye hodari wa hesabu za wenziwe. Mimi niliyeifanya kazi hiyo nitakwambia ikoje ukishaizoea.

Huko benki kila anayekuja mezani anataka namba, yaani thamani ya ardhi, ipande: anayekopa, wakala, hata afisa wa mikopo. Kaunti kila mtu anataka ishuke, kodi nayo ishuke. Nimewahi kumwona tajiri akileta pingamizi kwamba ploti yake ni bonde la mafuriko, haina thamani, na huku ripoti ya mkopo wa ploti hiyohiyo, ya mwaka uleule, inaisifu utadhani bustani ya peponi. Nilicheka hadi nikatoka nje. Ndiyo maana vijana wangu wa ofisini walikuwa wakilisikia neno langu kila siku, na wewe umelisikia tangu unasomea mambo ya ardhi: unathamini udongo, humthamini mtu.

Hapa Nairobi huo si msemo wangu tu, ndiyo namna kodi yenyewe inavyokokotolewa. Nyumba haitazamwi. Inatazamwa ardhi tupu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuweka tofali juu yake, haina deni. Unakwenda, unatafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, unazilinganisha na ramani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniona narudi na mikono imekwaruzwa, ukadhani napigana na paka. Ilikuwa miiba ya ua la kai-apple. Bikoni za Nairobi hupenda kujificha humo.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa juu ya daftari la 1982, lile linaloorodhesha thamani ya kila ploti kwa ajili ya kodi. Sheria ilitaka uthamini mpya angalau kila miaka 10, au zaidi waziri akiruhusu, na ruhusa ikageuka mazoea. Rasimu ya daftari jipya tuliiona 2019. Katikati hapo ploti zilikatwa vipande kila uchao, na kila kipande kiliingizwa kwenye daftari la nyongeza, ambalo lazima lifuate bei za daftari kuu. Kwa hiyo unasimama Kilimani, kreni inazunguka juu ya kichwa chako, unajiuliza: kipande hiki kilichozaliwa juzi kingeuzwa ngapi mwaka 1982? Watu walitucheka. Mimi niliipenda hesabu ile. Unafukua mafaili ya mauzo yanayonuka mkojo wa panya, unatafuta ploti za jirani zilizouzwa wakati ule, unauliza barabara ilikuwa inafika wapi, bomba la majitaka lilipita wapi, udongo ni mwekundu au ni huu mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. (Nyufa za sebule yetu hapa South C zinaijua tofauti.)

Sasa, kuna bibi mmoja wa Kilimani sijawahi kukusimulia. Alikuwa na nusu ekari, mumewe ameshafariki, akamkatia mwanawe nusu yake. Nikazithamini robo zote mbili, na jumla yake ikaipita nusu ekari ya zamani, kama inavyokuwa karibu kila mara, kwani kipande kidogo kina wanunuzi wengi na futi yake huuzwa ghali. Bibi akaleta pingamizi ndani ya siku 28, kwa mwandiko wake, bila wakili. Mbele ya korti ya uthamini, inayosikiliza pingamizi hizo, alikuja na albamu ya harusi. Picha alikuwa amezitoa. Kila mfuko una risiti ya kodi, mwaka baada ya mwaka.

Hakumuuliza mwenyekiti, aliniuliza mimi. "Udongo umeongezeka?"

Hapana, mama.

"Mvua imeleta mwingine?"

Watu wakacheka. Nikaeleza mambo ya wanunuzi na futi, na nakwambia nilieleza vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jirani yake amejenga ghorofa, majitaka yake yanafurika hadi uani kwake. "Mimi na yeye ardhi yetu ni bei moja?" Nikamjibu kwamba ardhi ni ardhi. Akafunga albamu. "Mwanangu, umeeleza vizuri sana. Sasa nieleze nitalipa na nini."

Namba yangu haikuguswa. Ile pilau ya baba yako niliyosema imezidi chumvi, ambayo mmenitania nayo miaka yote, ilikuwa ya jioni hiyo. Chumvi haikuzidi.

Namba ilikuwa sahihi, na leo ningeandika ileile. Ningeishusha kwa sababu ya albamu, kesho ningeishusha kwa sababu ya simu ya mheshimiwa, na simu hizo zilikuwa zikija, na wote niliwajibu kwamba nathamini udongo. Tena kodi hii ina akili yake: aliyejenga haadhibiwi kwa kujenga, na aliyefungia ploti nyasi zimuoteshee bei hapati nafuu kwa uvivu wake. Lakini sijawahi kuona udongo ukipanga foleni kulipa. Hupanga watu. Na bomba lile la majitaka lilitandazwa kwa ajili ya bangaloo, ghorofa likalikuta. Basi nafuu ya bibi ingetoka wapi? Kwa wanaopanga asilimia ya thamani inayotozwa kodi, na misamaha, mthamini hana mkono hapo. Ila misamaha tuliyozoea ni ya riba na faini, inamfaa aliyekwepa. Yeye hakuwa na faini hata moja. Albamu nzima ilikuwa ushahidi. Hapo ndipo huwa nakwama, baba yako ananiambia nizime taa.

Wewe utakuta mengine. Kodi ilitoka asilimia 17 ikaenda 34 ya thamani ya 1982. Daftari jipya likaja na asilimia 0.115 ya thamani ya sasa, na watu wakadhani wamepunguziwa. Ploti ya milioni 60 ni shilingi 69,000, mwambie mjomba wako kabla hajafurahi. Na sheria ya 2024 imezifuta zile sheria mbili za kodi ya ardhi nilizokuwa nikizijua kwa moyo, kwa hiyo vifungu usiniulize.

Unataka niseme nenda au baki. Sisemi. Nilisema juu ya ndoa ya dada yako, na mliona. Nitasema hili tu, kwamba benki hujawahi kurudi nyumbani na mikono iliyokwaruzwa, wala sijawahi kukusikia ukiisimulia ploti ikawa tamu... basi, kalamu yangu inataka kusema, naizuia.

Ukienda kwenye mahojiano waulize gari la kutokea uwandani ni la nani. Sisi tulikuwa tukipanda matatu, ramani mapajani.

Mama yako